Mpaka Uliohamia Shambani kwa Haji Mizhir

Wale watu wa kofia za buluu walipokuja kusimika nguzo nyuma ya nyumba, Haji Mizhir aliwapelekea chai. Alidhani wanapima barabara. Walikunywa, wakamshukuru kwa kuweka mikono vifuani, wakamimina zege, wakapanda gari lao jeupe wakaenda zao. Jioni, mzee alipotoka kutawadha, ndipo akili ilipomjia kwamba nguzo ile imesimama kaskazini ya nyumba, upande wa Basra. Maana yake yeye, kisima chake, pampu yake, matuta yake ya nyanya na Fakhriya, mjane wa mwanawe, walikuwa wameamka Iraq na watalala Kuwait.

"Na sukari ya mgawo nimewatilia," alisema. "Vijiko vizima."

Tangu hapo ulikuwa umepita karibu mwaka, na mwaka huo wote wakulima wa Safwan walikaa kama watu waliokalia makaa. Vita vya Kuwait vilikuwa vimekwisha, Umoja wa Mataifa ukaamua mpaka upite pale, na watu wake wakawa wanazunguka nyumba kwa nyumba wakisema: hameni kabla mwaka haujaisha, fidia itatolewa. Nyuma yao wakija watu wa chama tawala kutoka Basra wakisema: atakayehama, au atakayepokea hiyo fidia, ameuza nchi, na cha kumfanya tunakijua. Chini ya ardhi ile kulikuwa na mafuta, ndiyo maana wakubwa waliupima mpaka kwa darubini. Juu yake kulikuwa na nyanya, na miche ilikuwa imeshapandwa, kwa sababu msimu ukifika mkulima hupanda hata kama hajui atavuna akiwa raia wa nani.

Fakhriya alikuwa na hofu yake nyingine, na hiyo hakuweza kuisema barazani.

Mumewe, mtoto pekee wa Haji Mizhir, aliuawa katika vita vya Iran kabla hawajajaliwa mtoto. Ndugu zake wa Basra walimwambia arudi kwao. Alikaa kwanza mpaka nyanya zivunwe, kisha mpaka mzee apone homa, na miaka ikapita hivyohivyo hata hakuna aliyeuliza tena. Alimwita mzee Ami, naye mzee alimwita binti, na wakigombana waligombana kama watu wa damu moja. Kilichowagombanisha zaidi kilikuwa kwenye kibanda cha pampu, nyuma ya magunia ya mbolea: Radhi, mdogo wake Fakhriya.

Radhi alikuwa mwanajeshi. Jeshi lilipofukuzwa Kuwait alitupa bunduki njiani, akafika Basra kwa miguu, akaingia katika kundi la watu waliolikasirikia jeshi na serikali na kila picha ya rais iliyotundikwa ukutani. Siku chache walijiona wameshinda. Kisha vifaru vikaja. Radhi alipigwa kipande cha bomu gotini, akajikokota mpaka kwa dadake, kwa sababu Safwan ilikuwa ndani ya ule ukanda wa mpakani ambao jeshi halikuruhusiwa kuingia. Waliruhusiwa polisi wenye bastola tu, na watu wa chama, ambao hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Akaingia kibandani. Mngurumo wa pampu ulificha kikohozi chake, na mtu mrefu kama yule alijifunza kulala amejikunja kama mkeka.

"Yule wako," Haji alikuwa akisema, "siku wakimkuta, kamba itakuwa moja, shingo tatu."

"Basi nimpeleke wapi, Ami?"

"Sikuambii umpeleke. Nakuambia kamba itakuwa moja."

Radhi mwenyewe alikuwa na matumaini yake. Jioni Fakhriya alipompelekea mkate na mchuzi wa bamia alikuwa akimweleza kwa kunong'ona, macho yakimng'aa.

"Mimi sina haja ya kutoroka, dada. Hilo handaki Wakuwaiti wanalochimba kufuata mpaka litapita huko kwenye nguzo, kaskazini ya nyumba. Mimi nikae tu. Mpaka utanipita kichwani, nitajikuta niko nje ya nchi na sijainua hata mguu. Nao huu mguu, unajua, hauinuki."

"Wakuwaiti wakikukuta je? Watakupa halua?"

"Nitanyoosha mikono. Nitasema nataka Msalaba Mwekundu. Wako wenzangu kibao kule Saudia, kwenye kambi ya Rafha. Redio inasema."

"Redio inasema mengi."

Lakini na yeye alianza kulihesabia siku handaki lile. Upande wa mashariki, karibu na Umm Qasr, katapila zilikuwa zimeshaanza kuchimba, na kila mtu aliyetoka huko alimuuliza wamefika wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

Ndipo Ndugu Shnawa alipokuja. Alikuwa mkubwa wa chama pale Safwan. Zamani alifundisha watoto mazoezi ya viungo shuleni, na mpaka sasa akiongea alisimama amepanua miguu kama anayengoja kupiga filimbi. Alivaa sare ya kijani, masharubu ameyachonga kama ya rais kwenye picha iliyokuwa ukutani. Alikaa, akanywa chai ya ndimu kavu, akaulizia goti la Haji, akatazama miche.

"Mwaka huu mtavuna, inshallah."

"Nitavunia upande gani, ndugu?" Haji akauliza.

"Upande wa Iraq, Haji. Hakuna upande mwingine." Akaweka istikana, kile kigilasi cha chai, chini. "Alhamisi tunakwenda kulisimamisha handaki lao. Raia, bila silaha, dunia nzima itazame. Mabasi yatatoka Basra na Zubeir. Na Safwan kila nyumba itoe watu wake wote, wazee kwa vijana. Hatutaki kusikia fulani anaumwa. Watu wakishaondoka, vijana wangu watapita nyumba moja moja, mabandani, mazizini, hata kwenye matanuri ya mkate. Tukimkuta mtu amejificha, tutajua anaficha nini."

Fakhriya alikuwa anashona gunia. Sindano ilimwingia kidoleni akaiacha humohumo mpaka Shnawa alipotoka.

Mzee na mjane walitazamana. Mara hii hakukuwa na ugomvi.

"Kibandani hawezi kukaa," Fakhriya alisema.

"Nimesikia."

"Jangwani kuna mabomu yaliyofukiwa. Barabarani kuna polisi."

"Nimesikia, binti. Sijawa kiziwi."

"Basi itabidi aende na watu."

Haji aliangua kicheko kikavu kisichokuwa na furaha. "Mtoro umpeleke kwenye maandamano ya chama. Kwa nini usimpake na hina kabisa."

Lakini alipofikiri vizuri hakuona lingine. Watu wa mabasi hawatawajua watu wa Safwan, na watu wa Safwan hawatawajua watu wa mabasi. Mtu akisimama katikati, kila upande utadhani ni wa upande wa pili. Haji alikwenda ndani, akafungua sanduku, akatoa kanzu ya kijivu ya mwanawe aliyekufa. Aliitupa mapajani mwa Fakhriya bila kuitazama.

"Ipunguze kiunoni. Yule wako amebaki mifupa."

Radhi alipoambiwa alisema kwamba akifika huko hatarudi. Watu wakivuka kwenda upande wa pili, yeye atavuka, na wakirudi, yeye atabaki. Fakhriya hakumbishia. Walikubaliana kwamba akiulizwa jina atasema Salim Abdulhasan, kwa kuwa Iraq imejaa akina Salim, na kwamba hamjui yeyote Safwan.

"Wala mimi?" aliuliza Radhi.

"Mimi kwanza."

Alhamisi asubuhi vumbi la mabasi lilionekana kutoka mbali. Radhi alikuwa amefichwa tangu alfajiri kwenye mtaro mkavu kando ya barabara, na mabasi yaliposimama na watu kumwagika, alitoka kwenye mtaro akifunga mkanda kama mtu aliyekwenda haja. Hakuna aliyemtazama. Walimpa bango abebe. Fakhriya alimwona kwa mbali, bango juu, akichechemea chini ya maneno ya ushujaa.

Wanawake waliamriwa watangulie. Karibu na Fakhriya alitembea jirani yake Wabriya, mwanamke mnene mwenye ulimi, na nyuma kidogo mumewe Wabriya, Ghadhban, ambaye alikuwa mnene zaidi na mpole.

"Maisha yangu yote naambiwa wanawake nyuma," Wabriya alisema, akijifunga baibui lake kiunoni. "Leo kuna risasi, ndio nimeona heshima."

"Nyamaza, shoga, watakusikia."

"Wanisikie. Ghadhban, usiachane na mimi. Ukipotea sina wa kumlaumu."

Handaki lilikuwa refu kuliko Fakhriya alivyofikiria. Liliingia ndani kuliko kimo cha mtu, mchanga umerundikwa upande wa Kuwait kama ukuta, na lilikuja moja kwa moja kutoka mashariki mpaka pale lilipoishia, ambapo katapila ya manjano ilikuwa inanguruma. Mbele ya katapila ardhi ilikuwa tambarare bado. Nyuma ya mchanga walionekana polisi wa Kuwait. Magari meupe mawili yalikuwa katikati, na mzungu mmoja, uso umeiva kwa jua, akipunga mikono kama mtu anayefukuza kuku.

Watu walianza kuimba. Mwendeshaji wa katapila aliruka chini akakimbia, akaacha mashine ikinguruma peke yake. Hilo likawapa watu moyo, au wazimu. Walipita pale ambapo handaki lilikuwa halijafika, wakaingia upande wa pili, mawe yakaanza kuruka, kioo cha gari kikavunjika. Fakhriya alisukumwa kutoka nyuma, akajikuta naye amevuka, akimtafuta Radhi kwa macho. Alimwona. Bango alikuwa amelitupa. Alikuwa amesimama karibu na rundo la mchanga, anahema.

Kisha risasi zikapigwa hewani.

Watu wote waligeuka kwa pamoja, kama nzi wanaopigwa kwa kitambaa. Walikimbia kaskazini wakikanyagana, viatu vikibaki nyuma. Wengine walitumbukia handakini. Radhi peke yake hakukimbia. Alikuwa anainua mikono polepole, uso ameuelekeza kwa Wakuwaiti, na pale pale kijana mmoja wa chama, kitambaa cha kijani mkononi, akamfikia kwa nyuma akamshika kwapani.

"Twende, kaka, twende, nikubebe," kijana alisema. Alikuwa na roho nzuri, yule kijana. Aliona kilema amebaki nyuma, akarudi kumwokoa. Akaanza kumvuta Radhi kumrudisha Iraq.

Fakhriya hakuwaza. Alijitupa miguuni pa yule kijana kwa uzito wake wote, akamkumbatia magoti, akapiga ukunga kwamba amepigwa, anakufa, mama yangu nakufa. Kijana alipepesuka, akamwachia Radhi ili asianguke. Aliangalia kilema, akaangalia mwanamke anayegaagaa mchangani. Risasi nyingine zikalia. Akamchukua mwanamke, akamtupa begani kama gunia la unga, akakimbia naye. Fakhriya, kichwa kikining'inia, baibui limemfunika nusu ya uso, aliona miguu ya mdogo wake ikienda upande mwingine, mmoja ukikanyaga, mmoja ukiburutwa, mpaka vumbi likaifunika.

Walipomweka chini na kumtafuta jeraha hawakuona kitu.

"Hofu, dada," kijana alisema, akicheka na huku akitweta. "Hofu tu. Na uzito unao, mashallah."

Wabriya alikuwa anazunguka kama kuku aliyepotelewa. Ghadhban hakuonekana. Alikuwa ametumbukia handakini, na kwa unene wake hakuweza kutoka, na waliomtoa walikuwa Wakuwaiti.

Jioni ile redio ilisema mashujaa kadhaa wametekwa na adui. Ndugu Shnawa alipita nyumbani kwa Wabriya na kilo ya sukari ya chama, akaahidi kwamba Msalaba Mwekundu unazungumza na Kuwait, na kwamba mashujaa wote watarudishwa hivi karibuni. Wabriya alilia kwa shukrani. Akaja kumsimulia Fakhriya.

"Wote wanarudishwa, shoga. Wote, hata mmoja habaki. Niombee."

"Nakuombea," alisema Fakhriya, na kweli alimwombea Ghadhban. Lakini neno lile "wote" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akitandika kitanda alilisikia, akikanda unga alilisikia. Usingizi ukampaa. Kumbe kuvuka si kuvuka, mtu anaweza kurudishwa, tena kwa sherehe, kwa ngoma, mpaka mikononi mwa wale aliowakimbia.

Siku chache baadaye Shnawa alikuja tena, na safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, miguu ameipanua.

"Msalaba Mwekundu umetuletea majina," alisema. "Watu wa mabasi wamejulikana wote. Ghadhban tunamjua. Kuna Salim Abdulhasan. Huyu hana mwenyewe. Basra hawamjui, Zubeir hawamjui." Akamgeukia Fakhriya. "Kijana wangu anasema alikuwa amemshika mtu kilema, karibu amwokoe, wewe ukamwangukia miguuni. Ni kweli, dada?"

"Nilianguka, ndugu. Sikujua nimemwangukia nani."

"Katika watu wote wale."

"Nilikuwa na hofu."

"Mpaka sasa unayo. Naiona." Sauti yake ilikuwa laini. "Itabidi twende ofisini, tuongee vizuri. Chukua baibui lako."

Fakhriya alikwenda kulichukua baibui msumarini, na mkono wake ulikosa msumari mara ya kwanza. Nyuma yake akasikia sauti ya Haji Mizhir, yenye kero, ileile aliyoitumia kugombana na wauza mbolea.

"Salim ni kibarua wangu."

Shnawa akageuka polepole. "Kibarua gani?"

"Wa kufunika miche nailoni. Wa Suq ash-Shuyukh, au alisema hivyo. Nimemchukua sokoni, namlaza kwenye pampu, namlisha. Nilimpeleka kwenye maandamano kwa sababu ulisema kila nyumba itoe watu wake wote. Nimetoa. Sasa mimi nina shujaa mateka na sukari sijaletewa."

"Kwa nini hukumwandikisha kwetu? Mgeni analala kwako, chama hakijui?"

"Nina miaka sabini na kitu, ndugu. Siku nyingine nasahau kufunga suruali."

Shnawa hakucheka. Alimchukua mzee badala ya mjane. Walimpakia nyuma ya gari, na Fakhriya alisimama uani mpaka asiione tena ile kofia nyeupe ya mzee. Alikaa siku ile nzima hajawasha jiko. Aliwasha pampu ili kibanda kisikae kimya, akaizima, akaiwasha tena. Wabriya alikuja kukaa naye, akawa anaongea yeye tu, juu ya Ghadhban na kisukari chake, na je, Wakuwaiti wanajua kwamba asile tende.

Walimrudisha Haji kesho yake mchana. Mdomo ulikuwa umevimba na ile kofia hakuwa nayo. Fakhriya alimletea maji ya uvuguvugu, akataka kusema neno, mzee akamkata.

"Nimesema kilekile, mwanzo mpaka mwisho. Na wewe useme kilekile. Siku ya kurudishwa mateka tutakuwa mpakani sote wawili. Anataka tumwonyeshe Salim kwa kidole."

"Na akishuka, Ami?"

Haji alisukutua, akatema damu kwenye beseni. "Akishuka tutamwonyesha. Tutafanyaje."

Walirudishwa siku ya upepo, mchanga ukiwaingia watu machoni. Chama kilileta ngoma na watoto wa shule. Ndugu Shnawa aliwasimamisha Haji na Fakhriya mbele kabisa, yeye mwenyewe akasimama katikati yao, mkono mmoja begani kwa mzee, kama wanaopigwa picha ya familia. Ng'ambo basi dogo lilikuja likasimama. Mwanamke wa kizungu mwenye kizibao cha msalaba mwekundu alishuka kwanza, na mkalimani.

Fakhriya alikuwa amevaa baibui mpaka puani. Alishuka kijana asiyemjua. Wa pili akashuka, mzee wa makamo, watu wa Zubeir wakamshangilia. Wa tatu aliyumba mlangoni, mguu mmoja ukitangulia kwa shida, na Fakhriya akahisi vidole vya Shnawa vinahama kutoka bega la Haji kuja kwenye mkono wake yeye. Alikuwa Ghadhban. Alikuwa ametegua kifundo handakini. Wabriya alipasua msafara wa ngoma akamfikia, akaanza kumpiga makofi ya kifua na kumbusu kichwani kwa zamu.

Wengine wakashuka. Kila kichwa kilichotokea mlangoni kilimtoa roho na kumrudishia. Halafu mlango ukafungwa.

"Kibarua wenu yuko wapi?" Shnawa aliuliza.

Alikwenda kwa mkalimani, wakazungumza. Upepo ulichukua maneno, lakini Fakhriya aliona mwanamke wa kizungu akitikisa kichwa, kwa upole, mara mbili. Shnawa alirudi, masharubu yamejaa mchanga.

"Anasema kila mmoja aliulizwa faraghani kama anataka kurudi. Mmoja hakutaka."

Fakhriya akaanza kulia. Hakuweza kujizuia, machozi yalimtoka kama maji yaliyovunja bomba, mabega yakimtikisika mbele ya ngoma na watoto wa shule na mabango. Haji akamfinya kiwiko kwa nguvu.

"Analilia nini huyu?" Shnawa akasema.

"Aibu," alijibu Haji. "Tulimlisha kwa mikono yetu, ndugu. Msaliti. Na mbolea ya watu amelala juu yake."

Shnawa hakuwa mjinga. Lakini nyuma yake watu wa Basra walikuwa wanamngoja atoe hotuba ya ushindi, na kumkamata mtu pale pale kungeeleza kwa wote kwamba kati ya mashujaa wake mmoja alikuwa amechagua adui. Akaenda kutoa hotuba. Wiki ile walikuja kuchukua pampu ya Haji kama adhabu ya kufuga mtu asiyejulikana.

"Chukueni na kisima," mzee aliwaambia. "Mkibebe kwenye gunia."

Ghadhban ndiye aliyemsimulia Fakhriya, siku anasaidia kupakia vitu vyao. Alisema kule waliwekwa chumba kimoja, wakapewa wali na kuku, na yule Salim hakuongea na mtu. Aliitwa akaulizwa, akarudi akachukua viatu vyake. Alipopita karibu na Ghadhban aliinama kidogo. "Akaniambia, ukifika, wasalimie wenye miche," alisema Ghadhban, akiangalia pembeni. "Mimi sikuuliza nani. Sitaki kujua, Fakhriya. Nina mke anaongea sana."

Handaki lilipita kabla ya mwaka kwisha. Miche iliyokuwa imeanza kuchanua ilibaki upande wa pili bila mtu wa kuitilia maji. Fidia hawakuipokea, maana kuipokea kulikuwa kamba ileile. Haji na Fakhriya walipanga chumba Zubeir, na Fakhriya akawa anakwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu. Usiku mmoja wa majira ya joto Haji alidai amesikia redio ya ng'ambo ikisoma salamu za watu wa Rafha, na kati yao Salim, salama, anawasalimu wa kwao. Fakhriya alikuwa nje anaosha vyombo. Alimuuliza mara nyingi walisema vipi hasa, neno kwa neno, na kila mara mzee alisema maneno tofauti kidogo. Hakujua kama alisikia kweli au alimtengenezea.

Alikuwa anaanza kulala tena usingizi wa mtu mzima siku mlango ulipobishwa, saa za alasiri, akafungua, akamwona Ndugu Shnawa.

Hakuwa na sare. Alivaa kanzu ya kawaida, na masharubu aliyaacha yamekua hovyo. Fakhriya alishika ubao wa mlango.

"Haji hayupo, amekwenda msikitini."

"Sikumjia Haji." Shnawa aliangalia kushoto na kulia kichochoroni. Hakusimama kwa kupanua miguu, alisimama kama mtu anayebanwa. "Dada, yule kibarua wenu. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Alipofika kule, alisema nini hasa? Kuna neno la kusema? Msalaba Mwekundu unaombwaje?"

Fakhriya akaurudisha mlango kidogo.

"Mwanangu amewekwa kikosi cha kaskazini," alisema Shnawa. "Alikuja likizo, hajarudi kikosini. Niambie tu wanapitia wapi, dada. Sitakuuliza kingine mpaka nife."

Fakhriya alimtazama machoni. Yalikuwa mekundu, na mikono yake ilikuwa inasokota pindo la kanzu. Huenda ilikuwa kweli. Na huenda nyuma ya kona kulikuwa na gari, na vijana wanaongoja aseme neno moja, njia moja, jina moja. Mtu huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na aliijua.

"Sijui, ndugu," alisema. "Alikuwa kibarua tu. Alifunika nailoni. Hatukuongea naye."

Shnawa aliendelea kusimama kama mtu anayengoja jibu la pili. Kisha akatikisa kichwa, akasema haya, akashukuru hata, akaondoka akipita karibu sana na ukuta. Fakhriya alifunga mlango, akaweka sikio kwenye mbao. Hakusikia gari. Alisikia kandambili tu, zikienda, mpaka zikaisha.

Haji aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, mchele wa kuchambua uko mapajani haujaguswa.

"Kuna mtu alikuja?"

"Mtu alipotea njia," Fakhriya alisema. "Aliuliza, nami sikujua pa kumwelekeza."

Mzee alikaa chini kwa shida, akavuta sinia, akaanza kumsaidia kutoa mawe kwenye mchele.